Tumeachana, Laini Haijui

Juzi nimemaliza friji ya mama mmoja kule Chang'ombe. Nimeziba tundu, nimejaza gesi, friji inakoroma kama paka aliyeshiba dagaa. Mama kafurahi, kanipa na juisi. Akauliza, "Fundi, nikutumie kwenye simu?" Nikamtajia namba. Akabonyeza, akaweka 45,000, akasubiri jina. Jina likaja. Akaniangalia mimi, akaiangalia simu, akaniangalia tena, safari hii akatulia zaidi kwenye ndevu.

"Fundi, hili jina mbona la kike?"

"Ndiyo, mama. Tuma tu, ni yangu hiyo."

"Wewe ndiye unaitwa hivi?"

Zamani swali hili halikunisumbua. Nilikuwa najibu kifua mbele, "Ni la mama watoto," ingawa watoto wenyewe hatukuwa nao, na mteja anatabasamu, anaona kumbe huyu ni mtu na nyumba yake. Sasa hivi jibu sina. Nikasema ni la ndugu yangu.

"Ndugu yako wa nini?"

"Wa... zamani."

Mama akaufuta muamala. Akanipa 20,000 mkononi, nyingine nirudi jioni mume wake akiwepo. Na simlaumu. Nchi hii nani hajawahi kupokea ile meseji ya matapeli, "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani"? Mimi ndiyo hiyo meseji sasa, nimeota miguu na ninabeba spana.

Kosa ni langu, nakiri. Mwaka 2019 tuliambiwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Watu wenye akili wakaenda. Mimi nikasema nangoja foleni ipungue. Foleni gani inapungua Dar es Salaam? Ikafika Januari 2020, laini zikaanza kuzimwa, namba yangu imeandikwa kwa rangi ukutani pale gereji, imebandikwa nyuma ya mafriji kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Temeke. Nikizimiwa nimekufa njaa. Mwenzangu akasema, "Lete hiyo laini." Akaweka kidole chake, dakika tano, kwisha. Siku ile niliona nimepata mke wa kufa na kuzikana. Sikujua naandikiwa hati ya kuishi nyumba ya kupanga ndani ya simu yangu mwenyewe.

Tukaachana mwezi wa tatu. Sababu sizielezi. Za kwake ni nyingi, za kwangu ni mbili, na katika hizo mbili moja ni ya uongo.

Siku anaondoka alibeba nguo zake, mtungi wa gesi na jiko lake (alinunua yeye, sina neno), na kinu. Kinu! Mwanamke anayeondoka na kinu hajakasirika, huyo amepanga. Akaniachia kipande kimoja cha kanga. Kanga ni doti, vipande viwili, kila mtu anajua. Kimoja kaenda nacho, kingine kakisahau kwenye kamba. Kimeandikwa "Japo sipati tamaa sikati." Nimekitundika dirishani kwa sababu pazia nalo lilikuwa lake. Kwa hiyo kila asubuhi nikifumbua macho nasomewa maneno hayo, jua likipenya nyuma yake kama tangazo la barabarani. Nikajaribu kukigeuza. Kanga ni ya pamba nyepesi, maneno yanasomeka hata kwa nyuma, tena kinyumenyume, ndiyo balaa zaidi, unatumia muda mrefu kuyasoma.

Chakula tusiseme. Nilizoea mchele vikombe viwili. Nikapika kimoja, ukabaki. Nikapika nusu, ukaungua, maana sufuria zimebaki zile kubwa za shughuli. Nimerudi kwa mama ntilie. Naye siku ya kwanza tu ameniona, kabla sijakaa kwenye benchi, katangaza kwa wateja wote, "Karudi huyu! Mnaona? Nilisema atarudi." Akaniongezea maharage bila kuomba. Maharage ya huruma yana ladha yake.

Kijiweni ndiyo kila mtu daktari. Wanacheza drafti, mikono haitulii na midomo haitulii. Mmoja kasema nitafute mwingine haraka, wanawake wapo wengi. Huyu msemaji mwenyewe kaachwa mara tatu, na mara mbili ni mwanamke yule yule. Mwingine, mzee wetu aliyewahi kuwa mjumbe, akaweka kete chini akanieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mkikaa pamoja kama mke na mume miaka miwili, sheria inadhania mmeoana. Nikamwambia mzee, mimi mwenyewe nilikuwa nadhania hivyo hivyo. Wa tatu akanishauri niende Coco Beach nikapunge upepo, nile mihogo, nisahau.

Nikaenda, Jumapili. Sijui nani alimwambia yule bwana kwamba Coco Jumapili ni mahali pa kusahau mapenzi. Pale watu wamekaa wawili wawili kama viatu. Hata wale farasi wa kupigia picha niliwaona wawili. Nikanunua mihogo ya kukaanga, pilipili nyingi, ili machozi yawe na sababu. Nikalipa kwa simu. Kijana akasubiri meseji iingie, ikaingia, akaisoma kwa sauti majina yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, kama anaita mtuhumiwa mahakamani, halafu akauliza, "Huyu dada ni nani amelipia? Achari aje achukue!"

Watu wakageuka. Nikainua mkono. Mimi ndiye yule dada.

Lakini hayo yote nayavumilia. Linaloniumiza ni mama yangu. Mama yupo Korogwe. Kila mwisho wa mwezi namtumia chochote, 30,000, 40,000 kukiwa na joto na mafriji yanakufa. Meseji ikifika, mama haoni vizuri, anampa wakala amsomee. Wakala anasoma jina lililoandikwa. Kumbe miaka yote hii mama anajua anayemtunza ni mkwe wake! Nimegundua juzijuzi alipopiga simu.

"Mwanangu, mwambie mkwe wangu nimepokea. Mungu amzidishie. Mkono wake haujawahi kunipita hata mwezi mmoja."

"Mama, hiyo hela..."

"Na wewe mwanangu, siyo vizuri. Wewe ni lini ulinitumia hata 5,000 ya sukari?"

Nikakaa kimya. Utaanzia wapi? Useme ile hela ni yangu, akuulize kwa nini inakuja kwa jina la mkeo, ueleze ulivyokwepa foleni, ufike kwenye kuachana? Mwezi uliofuata nikatuma tena. Na dua zikaenda tena kule kule. Mwenzangu anapata baraka za Korogwe bila kutoa senti, na zinamfaa, maana nasikia amepata kazi nzuri na ngozi imeng'aa.

Basi nikajikaza, nikamtafuta. Kitambulisho changu kipo siku hizi, na wale vijana wa laini wameniambia umiliki unahamishika, ila mwenye jina aje mwenyewe na kidole chake. Nikamwandikia meseji, nikaifuta, nikaandika nyingine. Mwisho ikatoka hii: "Habari. Naomba kidole chako." Akajibu baada ya siku mbili: "Jumanne saa nne. Na ule mkopo wa simu uliokopa kwa jina langu ulipe kwanza."

Nilikuwa nimeusahau. Yeye hakusahau. 35,000 pamoja na riba, nikalipa.

Jumanne nimefika saa tatu na nusu, nimenyoa, nimevaa lile shati. Usiniulize kwa nini, mtu anaenda kubadilisha laini anavaa shati. Naye kaja saa nne kamili, kakaa, kaniuliza, "Mzima?" Nikasema mzima. Akaweka kidole, mashine ikamkubali pale pale. Ikaja zamu yangu. Cha gumba, kimekataa. Cha shahada, kimekataa. Vyote kumi nimevimaliza, kama nipo kwenye kipimo cha piano. Kijana wa kaunta akanigeuza viganja akavitazama, akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema mistari imelika, fundi, kwa msasa na waya na dawa za kusafishia. Nipumzishe mikono wiki mbili, nipake mafuta, halafu turudi.

"Turudi wote?" nikauliza.

"Wote wawili."

Mwenzangu akavuta pumzi, akasimama, akachukua pochi. Pale mlangoni akageuka. "Nunua mafuta ya mgando upake usiku na mchana. Usiniletee tena vidole kama mgongo wa kobe. Wiki mbili, Jumanne, saa nne."

Mafuta nimenunua, kopo kubwa. Ila wiki hii kazi zimekuwa nyingi kweli, kondensa tatu za kusugua kwa msasa, tena zenye kutu ya pwani ile ngumu. Mwenzangu wa gereji ananiuliza kwa nini sivai glovu, na zipo, mpya, kwenye boksi.

Joto lote hili la Dar, mtu unavaaje glovu?