Bundi akikoroma darini, mwache akorome

Ule mkoromo mkavu unaosikika darini kuanzia saa mbili usiku, kama wa mzee aliyelala chali, ni wa vifaranga wa bundi mweupe (Tyto alba), yule mwenye uso wa umbo la moyo. Wanadai chakula. Bundi huyu hana ule mlio wa "huu, huu". Yeye hutoa ukelele wa kukwaruza, na watoto wake hukoroma mpaka mzazi atue na panya. Pwani wapo wanaomwita bundi babewatoto, na jina hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini mama mwenye kichanga hataki kumsikia. Ubani utafukizwa, kisha kijana atapandishwa darini na fimbo.

Imani hizo, kwamba bundi huleta mkosi, zimeandikiwa vya kutosha. Mimi naona tunamgombeza mwenye fimbo huku tukimwacha mwenye pakiti ya sumu ya panya, ambaye hata hajui kwamba ameua bundi.

Bundi huyu hajengi kiota. Jike hutaga chini, juu ya mabaki makavu ya madonge ya manyoya na mifupa anayotapika, mayai manne hadi saba, akiachanisha siku mbili au tatu kati ya yai na yai. Huanza kuatamia tangu lile la kwanza, kwa hiyo vifaranga huanguliwa kwa zamu baada ya siku 30 hivi, na yule mkubwa anaweza kumzidi kitindamimba wiki mbili. Panya wakiwa wengi wote hukua. Wakipungua, mdogo hufa kwanza, na mara nyingi nduguze humla. Ni hesabu kali, ila inawavusha wenzake.

Masikio ndiyo chombo chake cha kazi. Yamefichwa chini ya manyoya ya uso na hayakai sawa: tundu la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia. Sauti ikiwahi sikio moja, anajua panya yuko upande gani; ikisikika kwa nguvu zaidi katika sikio moja, anajua yuko juu au chini. Uso wenyewe unafanya kazi ya sinia la kukusanyia sauti. Ndiyo maana humkamata panya gizani kabisa, chini ya majani makavu. Naye panya hasikii kitu, kwa sababu unyoya wa mbele wa bawa una meno membamba kama chanuo yanayoukata upepo vipandevipande, na juu yake kuna ulaini kama wa mahameli.

Anayetaka kujua bundi wake anakula nini asikisie. Achukue donge moja, jeusi, lenye urefu wa kidole gumba, alitie kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, halafu alichambue kwa vijiti viwili vya kuchokolea meno. Asidi ya tumbo la bundi ni dhaifu kuliko ya mwewe, kwa hiyo mifupa hutoka mizima. Fuvu lenye meno mawili marefu ya rangi ya chungwa mbele, kisha pengo, ni la panya. Lenye meno madogo makali yaliyopangana bila pengo ni la kirukanjia. Kifaranga wa kuku ni nadra sana kuonekana humo, na hapo kesi nyingi za mjini za kumshtaki bundi kwa kula vifaranga zinafutika.

Sasa sumu. Zile za kuzuia damu isigande, kama brodifakumu na bromadioloni, haziui papo hapo. Panya hula leo, kesho akala tena, na hufa baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo anayumba peupe, mzito, mwenye sumu ini zima, na bundi huchukua anayekamatika kwa urahisi. Sumu hiyo hukaa kwenye ini la bundi pia na kujazana mlo hadi mlo. Zinki fosfaidi, ile ya kijivu cheusi yenye harufu ya kitunguu saumu, huua haraka na haijazani mwilini hivyo, ingawa ni hatari kubwa kwa mtu, mbwa na kuku. Ndani ya ghala, mtego wa kubana unatosha. Aliyekwisha tumia sumu akusanye mizoga kila asubuhi na kuifukia.

Lakini wanaouza wazo kwamba bundi atamaliza panya wanatia chumvi. Malaysia wametundika masanduku ya bundi kutagia kwenye mashamba ya michikichi tangu miaka ya 1980, na huko panya wapo mwaka mzima. Shamba la mahindi ya mvua ni jambo jingine. Panya shamba, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro wamewachunguza kwa miongo, hubeba mimba siku 23 hivi na huweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mkupuo. Bundi anahitaji miezi mitatu tangu yai mpaka mtoto aruke. Mlipuko wa panya ukishaanza, bundi hawafikii.

Anayetundika sanduku atumie plaiwudi, sakafu sentimita 60 kwa 40, kimo 65. Mlango uwe 15 kwa 15, na kizingiti chake kiwe sentimita 45 juu ya sakafu. Wengi hukosea hapo: mlango ukiwa chini, kifaranga hutambaa nje na kuanguka, na wazazi kwa kawaida hawamlishi aliye ardhini. Limwagiwe maranda ya seremala ili mayai yasibingirike, likae mita nne juu, mlango usielekee jua la alasiri. Nyuki wakiwahi kuingia, aitwe mrina asali.

Asiyemtaka kabisa asubiri mkoromo ukome na dari ikae kimya wiki mbili, maana watoto walioanza kuruka hurudi kulala. Azibe tundu usiku, baada ya bundi kutoka kuwinda na baada ya kumulika ndani kwa tochi. Kinyesi na madonge yanyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, na anayefagia avae barakoa.