Kibulgaria tukisome kwa Kiswahili

Nyumbani hakuna anayefundishwa mahali pa kuweka -zi- au -m-, ulimi unajua. Huku Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, wengi wetu tunasoma Kibulgaria kupitia Kiingereza, na hapo ndipo tunapopotea. Tunaambiwa mpangilio wa maneno ni huru. Ni nusu ya ukweli. Nomino ziko huru, ila vineno vya viwakilishi kama mi (mimi), go na ya (yeye) na gi (wao, au vitu vingi) vina mahali pake, na Mswahili anapajua.

Chukua sentensi ya sokoni: Domatite shte gi vzema. Nyanya nitazichukua. Shte ni -ta-, gi ni -zi-, kisha kitenzi. Tofauti ni kwamba "mimi" imo ndani ya vzema, si mbele kama ni- yetu. Tena shte ilitokana na kitenzi cha kutaka, kama -ta- yetu ilivyotokana na -taka! Anayefikiri kwa Kiingereza husema shte vzema gi, na hilo ni kosa.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Katika karne ya 9 mwisho wa nomino ndio ulioonyesha mtenda na mtendwa. Zhena, mwanamke, akitendwa, -a ya mwisho iligeuka irabu ya puani iliyoandikwa ѫ, herufi iliyofutwa mwaka 1945. Kufikia karne ya 14 irabu za puani zilikuwa zimechanganyikana na miisho inaporomoka. Viwakilishi vilibaki na maumbo yake, basi mzigo ukaviangukia: Kotkata ya goni kucheto, paka anafukuzwa na mbwa. Ondoa ya, na paka ndiye anayefukuza.

Zamani vineno hivi vilifuata neno la kwanza la sentensi. Baadaye vikahamia kwenye kitenzi, lakini mwiko wa kuanza navyo umebaki. Kwa "namwona", sema Vizhdam go au Az (mimi) go vizhdam, kamwe si Go vizhdam, ingawa Kimakedonia, lugha ya jirani, kinaruhusu kuanza hivyo.

Panapotusumbua zaidi ni pale Kiswahili kinapobeba yambwa moja na Kibulgaria mbili, mpewa akitangulia: Dadoh mu ya, nilimpa (kitabu); mu ni -m-, ya ni kitabu. Halafu kitenzi kisaidizi sam (cha "mimi") hutangulia vineno, e (cha "yeye") huvifuata: Az sam mu ya dal, nimempa, lakini Toy mu ya e dal, amempa. Hilo halina mwenzake kwetu, likariri tu.

Na ile -mw- ya "nimemwona Ivan" iache nyumbani. Vidyah Ivan inatosha.