Nilivyomlewesha Mzee wa Kanisa

Kila Desemba sisi watu wa Kilimanjaro tunapanda nyumbani "kuhesabiwa". Mwaka ule nikasema nitahesabu kweli: nauweka ukoo mzima kwenye kompyuta, nachapa kitabu, nagawa kwenye kikao cha familia. Nikapakua Gramps, programu ya bure ya mambo ya ukoo, nikaanza kujaza.

Sasa, programu hizi zina maswali ya kipolisi. Ukiandika kwamba babu alizaliwa mwaka fulani, kuna mahali pa kueleza nani kasema. Kuna chanzo, yaani mtu au kitabu chenyewe, halafu kuna rejeo: ukurasa gani, siku gani, na uhakika kiasi gani, kuanzia mdogo sana hadi mkubwa sana. Chanzo unakiandika mara moja tu, kisha marejeo unayaning'iniza hapo hata mia. Hilo nililijua nimeshachelewa. Mimi kila nikisimuliwa jambo nilikuwa nafungua chanzo kipya. Siku ya kukagua orodha nikamkuta Baba Mkubwa yumo mara 41. "Baba Mkubwa", "baba mkubwa", "B. Mkubwa", na mmoja "Baba Mkuwba", huyo ni wa saa saba usiku.

Nikaamua kuwaunganisha. Gramps inaunganisha wawili wawili, kwa hiyo hesabu mwenyewe: mara 40. Kila mara inauliza jina lipi libaki, na maelezo uliyoyaandika kwa wote wawili yanahamia kwa mmoja. Nikawa nachagua lile refu kwa kuwa lilikuwa na sura ya kisomi: "Simulizi ya Baba Mkubwa, mzee wa kanisa".

Tatizo ni kwamba baba yangu ana kaka wawili. Mmoja ndiye huyo mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli, hata togwa anainusa kwanza. Mwingine... tuseme tu kwamba mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiiva kijiji cha tatu, yeye ana habari. Ila kwetu mkubwa haitwi kwa jina. Wote ni Baba Mkubwa, na mimi kijana mwenye adabu nikaandika hivyo hivyo.

Adabu yangu ilikuwa na mipaka lakini. Kwenye maelezo ya pembeni nilijiandikia mambo yangu, kwa mfano: "Haya kayasema yuko kwenye kata ya tatu ya mbege. Asiaminiwe." Kuna alama ya kufuli ya kubonyeza ili kitu kibaki siri. Sikuibonyeza. Na wakati wa kutoa ripoti kuna kisanduku kinachouliza kama maelezo ya vyanzo nayo yaingie. Nikatia tiki. Nilitia tiki visanduku vyote, nani anataka kitabu chembamba?

Siku ya kikao, wazee wakawa wamesahau miwani. Akaitwa binti mmoja wa kidato cha pili.

"Soma kila kitu, usiruke."

Akaanza na babu, baba yao wazee hao. Alizaliwa mwaka 1900, mwaka ambao Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Kichaga. Chanzo, Baba Mkubwa. Siku Mangi Meli aliponyongwa, babu alikuwa anachunga mbuzi, akaona kwa macho yake. Chanzo, Baba Mkubwa.

"Alichunga akiwa mgongoni kwa mama yake?" Shangazi akauliza. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani aibu yangu imeishia hapo.

Binti akafika kurasa za mwisho. "Simulizi ya Baba Mkubwa, mzee wa kanisa. Haya kayasema yuko kwenye kata ya tatu ya mbege. Asiaminiwe."

Kimya. Akadhani amekosea, akarudia kwa sauti zaidi.

Mchungaji, aliyekuja kufungua kwa sala na kubaki kwa ajili ya nyama, akainamia sahani yake. Mama Mkubwa akamgeukia mumewe taratibu, kama feni inayoishiwa umeme. Mzee wa kanisa alikuwa ameshika nakala yake juu chini. "Mimi?" akasema. "Mimi?"

Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akasimama yule Baba Mkubwa mwingine, ana hasira kweli.

"Ngoja kwanza. Hayo maneno ni yangu! Kwa nini apewe mwingine?"

Nikamshukuru Mungu.

"Tena haikuwa kata ya tatu. Kwenye ya tatu tulikuwa tunaongea bei ya kahawa. Habari ya mbuzi ilikuwa ya tano."

"Kaka, ilikuwa ya sita," akasema Shangazi. "Nilikuwa namimina mimi."

Nikafungua kompyuta palepale, nikaandika chanzo kipya. Shangazi, mmiminaji. Uhakika: mkubwa sana.