Maji yanayonuka yai viza: Kusatsu wanayapima, Mwanza tunayasimulia

Ndugu zetu wa Mwanza hucheka wakisikia tuliohamia Japani tunalipa kiingilio kuoga maji yanayonuka yai viza. Wacheke tu. Mji wa Kusatsu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, si mbali na mita 1,134 za ziwa letu, ila huku chini ya miguu kuna volkano. Chemchemi zake hutoa zaidi ya lita 30,000 kwa dakika, na maji yake ni asidi kali ya pH 2 hivi (kipimo cha uasidi; 7 ni maji ya kawaida). Hula chuma na zege, kiasi kwamba tangu 1964 mto unaoyapokea humwagiwa tui la chokaa usiku na mchana ili kupunguza asidi.

Mabafu yenyewe hayatutii wivu kama kile kibao cha ukutani. Sheria ya Japani ya chemchemi za moto ya 1948 inamtaka mwenye bafu abandike vilivyomo majini na nani asioge. Matundu ya hewa huwekwa hadi karibu na sakafu, maana gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo inayonuka yai viza, ni nzito kuliko hewa.

Sasa njoo kwetu Mwanza, Magu au Sengerema. Kisima kirefu kikinuka, huyu atasema dawa, yule atasema sumu, na kipimo hakuna. Mara nyingi ni bakteria wasiohitaji oksijeni: huchukua salfeti (chumvi yenye salfa) ya majini na kuacha gesi hiyo. Lakini harufu ikizidi mvua zinaponyesha na choo cha shimo kiko jirani, shuku kinyesi kwanza. Hapo klorini ya kwenye tangi haitoshi, chanzo chenyewe ndicho kibovu.

Sampuli nayo huharibiwa njiani. Chupa nusu, juu ya bodaboda, gesi yote huishia kwenye hewa ya chupa na maabara inaandika sifuri. Pimia kisimani, au jaza chupa hadi mdomoni ikiwa na asetati ya zinki, ambayo huishika salfaidi isitoroke.

Majibu yakiwa miligramu 1 ya salfaidi kwa lita, klorini ya kuanzia ni kama miligramu 2 kwa lita. Kwa tangi la lita 1,000 hiyo ni gramu 3 za unga wa klorini wa asilimia 65, na nyongeza kidogo ili ibaki ya kuulia vijidudu. Maji yakigeuka meupe kama yametiwa maziwa, ni salfa imejitenga; yapitishe kwenye chujio la mchanga. Kuyanyunyiza kwa bomba lenye matundu juu ya tangi lililo wazi ni rahisi zaidi, ila pH ikizidi 8 gesi nyingi haitoki, na watu huishia kulaumu bomba.

Na lile la kushusha mshumaa kupima hewa kabla fundi hajaingia kisimani, tuliache. Mshumaa huonyesha upungufu wa oksijeni peke yake. Salfaidi ya sehemu 500 katika milioni inaua mtu na mshumaa unawaka vizuri tu. Pua nayo isiaminiwe: kuanzia sehemu 100 hivi hufa ganzi, harufu ikatoweka, na fundi akadhani hewa imesafika. Akianguka, anayeruka kumwokoa huwa maiti ya pili. Kamba ya kumvutia ifungwe kifuani kabla hajashuka, na kipima gesi kitangulie.