Wao Waliulizwa Mara Mbili

Jirani yangu hapa Bergen, Norway, mzee aliyemaliza umri wake baharini, jana kanionesha beji kuukuu aliyoichomeka kwenye kofia. Inasema hapana kwa Umoja wa Ulaya. "Ya mwaka 1994 hii," ananambia, kama mtu anayeonesha cheti cha ndoa. Nikacheka. Nilipofika ndani, kijicho kikanipanda.

Maana serikali ya hawa Wanorwe ilikwenda, ikajadiliana na Ulaya, ikarudi na mkataba mkononi, halafu ikawauliza watu kwa kura: tujiunge au tusijiunge? Mwaka 1972 asilimia 53.5 wakakataa, na Waziri Mkuu Trygve Bratteli akafunga virago. Mwaka 1994 wakaulizwa tena, asilimia 52.2 wakakataa tena. Hoja ya mzee ni bahari tu: samaki wetu wasije wakagaiwa na watu wa mbali. Hoja hiyo angeikuta kila baraza ya Wete, kwetu Pemba.

Ila kwetu inaanzia barazani na inalala hapo hapo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha 1999; nani alikwenda kuwauliza wavuvi wa Kojani? Disemba 1992 Zanzibar tukajiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Agosti 1993 tukatolewa. Tumeingia tumelala, tumetoka tumelala.

Najua atakuwepo wa kusema: "Keshapigwa na baridi, sasa anatufundisha siasa." Ndugu yangu, sikufundishi. Hawa hawa wenye beji wanafuata rundo la sheria za Ulaya kupitia mkataba wa soko la pamoja, na huo hawakuupigia kura. Nilipomtajia mzee akanuna, akajitia anatafuta funguo.

Na usinambie Mzanzibari hajui kura ya maoni. Tarehe 31 Julai 2010 tuliulizwa juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama hasimu vitawale pamoja, asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Mimi nilipanga foleni tangu alfajiri, na waliokuwa hawasalimiani walikuwa nyuma yangu wanagaiana kahawa. Siku ile sikuona tofauti na hawa wa Norway, wallahi.

Mwingine atasema: tukiulizwa tutakataa kila kitu. Labda. Tume ya serikali ilipozunguka kukusanya maoni juu ya kuharakisha shirikisho la Afrika Mashariki, yaani nchi zetu ziwe chini ya serikali moja, Watanzania wengi walikataa haraka hiyo. Shirikisho likapigwa breki, Jumuiya ikaendelea, na karafuu za Pemba zikaanikwa kama kawaida.