Namba za Mto Luiche Zifike Bondeni Kabla ya Maji

Wiki iliyopita gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Ujiji, Kigoma, likirudia kauli tuliyoizoea, kwamba wananchi waishio mabondeni wachukue tahadhari. Shangazi yangu, anayelima mpunga katika bonde la Luiche na kulala huko shambani karibu msimu mzima, aliniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani hadi leo: "Mwanangu, hiyo tahadhari inachukuliwaje? Nihame leo, nihame kesho, au ningoje niyaone maji mlangoni?"

Nilikwenda kumtafuta mzee anayesoma kipimo cha mto huko juu. Kipimo chenyewe ni rula ndefu ya bati iliyofungwa kwenye nguzo, rangi yake imebabuka, na juu ya alama ya mita 2 lipo tope lililokauka likionyesha maji yalipofika mara ya mwisho. Mzee huyo hushuka ukingoni asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe, akasoma alama na kuiandika kwa penseli katika daftari ambalo kurasa zake zimevimba kwa unyevu. Nilipomuuliza namba zile huenda wapi, alijibu kwamba mwisho wa mwezi huja mtu kuzichukua.

Mwisho wa mwezi! Luiche ni mto mfupi, unaoshuka kutoka vilimani na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika hapa kusini mwa Ujiji, na mvua kubwa ikinyesha juu usiku, sisi wa chini tunaamka maji yamekwishaingia majarubani. Namba aliyoiandika mzee jioni ile ilikuwa na uwezo wa kumwamsha shangazi yangu miaka mitatu iliyopita, alipopoteza magunia yote aliyokuwa ameyapanga chini kwa sababu hakuna aliyemwambia ayapandishe darini. Namba hiyo ilikuwepo, imeandikwa vizuri, na ililala ndani ya daftari.

Sisemi kwamba kumbukumbu za mwezi hazina kazi. Mtaalamu akipima kasi ya maji pamoja na upana na kina cha mto, tena na tena katika misimu tofauti, hupata mchoro unaomwezesha kutazama rula peke yake na kujua ni mita ngapi za ujazo zinapita kila sekunde, na bila hesabu hiyo hakuna daraja wala mfereji wa umwagiliaji utakaojengwa kwa uhakika. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo kati yetu waliojenga ndani ya zile mita 60 kutoka ukingo wa mto ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikataza.

Hata hivyo, kupima kwa ajili ya kumbukumbu na kupima kwa ajili ya kuokoa watu ni kazi mbili. Kwenye Mto Malagarasi mafuriko huja polepole, kwa kuwa maji hutangulia kutuama katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi kabla ya kufika Uvinza, na huko mtu ana muda wa kuhamisha mbuzi wake. Luiche hautoi muda huo. Mbaya zaidi, ziwa linapokuwa juu, kama tulivyoliona mwaka 2021 na tena 2024, mto hukosa pa kumwagia na maji hurudi nyuma mashambani, wala ziwa halishuki upesi, kwa sababu njia yake ya kutokea ni moja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa imetuzoesha ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na hata watoto wanazijua rangi zake. Kwa nini mto usiwe na ngazi zake? Mzee apewe vocha ya simu na namba za wenyeviti wa vitongoji vya chini, na mvua ikizidi asome kila saa badala ya kungoja jioni, kwa maana mto uliopanda sentimita 30 ndani ya saa moja unatisha kuliko mto uliojaa ukatulia. Kisha nguzo ipigwe rangi kule kule bondeni, kwa kulinganisha alama za juu na mahali maji yanapofika chini: alama hii maji huingia majarubani, hii hukata njia ya shule, hii huingia nyumbani. Gharama ya rangi na vocha haifiki bei ya magunia aliyopoteza mwanamke mmoja.

Jumapili nilimkuta shangazi amekwishaanza bila kutusubiri. Kwenye mhimili wa mlango wa kibanda chake amechora mstari kwa mkaa, mahali maji yalipofikia mwaka ule, juu kidogo ya goti langu. Aliniomba nimuulize mzee wa kipimo siku ile rula yake ilisoma ngapi. Daftari la mwaka ule lilishachukuliwa, na mzee hakumbuki.