"Ahamie tu mjini"

Juzi tumekaa kikao cha familia kuhusu mama mdogo, figo zimegoma, inabidi asafishwe damu mara tatu kwa wiki na mashine ziko mjini, yeye yuko kijijini. Ndugu mmoja akasema, "Si ahamie tu mjini." Hiyo "tu" imenikaa kooni mpaka leo. Mama mdogo kimya, anaviringisha ncha ya khanga, baadaye akauliza kuku wake atamwachia nani, hakuna aliyemjibu.

Nikawakumbuka Wapintupi, Waaborijini (wenyeji wa asili) wa kijiji cha Kintore, jangwani huko Australia. Mashine zilikuwa mji wa Alice Springs, kama kilomita 500, nao waliambiwa hivyohivyo, hameni. Wakahama, wazee wanaojua kila kisima na kila wimbo wa nchi yao wakawa wanafia mjini kwa upweke, na kuna walioacha matibabu kabisa ili wakafie kwao. Kila wakiomba mashine ipelekwe nyumbani wanaambiwa haiwezekani, gharama. Basi wakachora! Wanaume wa Kintore picha yao, wanawake yao, na wa Kiwirrkurra, kijiji kingine cha Wapintupi, vilevile, mwaka 2000 zikapigwa mnada Sydney ikapatikana zaidi ya dola milioni moja za kule. 2004 watu wakaanza kusafishwa damu Kintore kwenyewe.

Shirika lao wanaliita Purple House, ila jina lake la Kipintupi maana yake ni kuwafanya ndugu zetu wote wawe wazima. Ndugu, siyo wagonjwa, jamani! Bodi ni wenyewe wa huko, ndiyo maana mgonjwa anapikiwa mkia wa kangaruu motoni na dawa za porini zinatengenezwa palepale, maana aliyeamua anajua mtu wake anatamani nini akiwa hoi. Wakapata na lori lenye mashine ndani, linampeleka mtu nyumbani kwenye msiba akazike.

Sawa, manesi wengi wanatoka nje, na bila hela ya serikali wasingefika mbali, mpaka bima ya taifa ikaja kulipia mwaka 2018. Nakubali. Lakini hela ilikuja wakati wao walishaanza, na Waaborijini wa Redfern, Sydney, walishafungua kliniki yao wenyewe tangu 1971, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba jamii haiwezi.

Jumamosi tunakaa tena. Nimeshawaambia wote, mama mdogo ndiye anaongea kwanza, na suala la kuku lipo kwenye ajenda.